Jumapili ya Kutembea Taratibu St Andrews, Uskoti

St Andrews ni mji mdogo wa pwani ya mashariki ya Uskoti, katika eneo la Fife. Ukitembea kwa haraka unaumaliza kabla ya chakula cha mchana, na hivyo ndivyo wageni wengi wanavyofanya: wanashuka kwenye basi la watalii, wanapiga picha kwenye kidaraja cha gofu, wananunua fulana na kuondoka. Mwongozo huu ni wa mtu aliyeko Edinburgh, Dundee au Glasgow kwa masomo, kwa kazi au kwa kumtembelea ndugu, aliyepata siku moja tupu na anayetaka kuitumia bila kukimbizana.

Shauri langu kubwa ni moja: nenda Jumapili. Siku hiyo uwanja wa gofu wa Old Course, ambao watu huvuka bahari kuja kuucheza, hufungwa kwa wachezaji na watu wote huruhusiwa kutembea juu yake. Tena, wakati chuo kikiwa wazi, wanafunzi wenye majoho mekundu hutoka kanisani na kuandamana hadi mwisho wa gati. Siku nyingine mambo hayo mawili huyapati. Usihofu kukuta mji umefungwa. Uskoti maduka na mikahawa mingi hufunguliwa Jumapili, ingawa mingine huchelewa kuamka.

Saa zote hapa chini nimezitaja kwa Kiswahili, kwa hiyo "saa nne asubuhi" kwenye ratiba ya treni utaiona imeandikwa 10:00.

Hatua ya 1: Maandalizi ya usiku uliotangulia

Angalia kwanza ratiba ya treni na basi, maana Jumapili huwa chache kuliko siku za kazi. Andika kabisa na basi la mwisho la kurudi. Kisha angalia jedwali la kujaa na kupwa kwa maji. Huhitaji kuwa mvuvi. Unataka tu kujua kama saa tisa au kumi alasiri maji yatakuwa yametoka, kwa sababu ufuko wa magharibi maji yakiwa yamekupwa ni uwanja mpana wa mchanga mgumu, na yakijaa ni ukanda mwembamba. La mwisho, hakikisha hakuna mashindano ya gofu. Wakati wa mashindano makubwa uwanja hauachiwi wapita njia hata Jumapili, na mji mzima hufurika. Mwezi wa Agosti kuna pia gulio la kale la Lammas, siku kadhaa za pembea na kelele katikati ya mji. Ukienda na watoto ni raha. Ukitaka utulivu, chagua wiki nyingine.

Kuhusu nguo, usidanganywe na jua. Upepo wa Bahari ya Kaskazini haujali kwamba ni Julai, na kuanzia Aprili hadi Septemba kuna ukungu mzito unaoweza kuingia kutoka baharini na kuumeza mji ndani ya dakika chache, huku kilomita kumi bara watu wanaota jua. Vaa tabaka mbili tatu, juu yake koti lisilopitisha upepo. Mwavuli uache nyumbani, upepo utaugeuza. Viatu viwe vya soli isiyoteleza, kwa sababu utakanyaga mawe ya kale, ngazi zenye unyevu na mchanga.

Kumbuka pia urefu wa mchana. Juni jua huzama karibu saa nne usiku, kwa hiyo una muda wa kutupa. Desemba huzama kabla ya saa kumi jioni, na hapo itakubidi upunguze nusu ya safari hii.

Hatua ya 2: Kufika

Treni haifiki St Andrews; njia yake ilifungwa mwaka 1969. Kutoka kituo cha Waverley, Edinburgh, unapanda treni inayokwenda Dundee au Aberdeen na kushuka Leuchars, safari ya saa moja hivi. Ukikata tiketi, uliza kama unaweza kupata iliyounganishwa na basi. Nje ya kituo cha Leuchars panda basi namba 99, na baada ya kama robo saa utakuwa kwenye stendi ya mabasi ya St Andrews. Yapo pia mabasi ya moja kwa moja kutoka Edinburgh, yanachukua muda mrefu zaidi lakini huwa nafuu. Na ikiwa unaishi Uskoti na hujafika miaka 22, omba kadi yako ya kusafiri bure kwa basi kama bado huna. Wanafunzi wengi kutoka nje hawajui kwamba nao wanastahili.

Kwenye treni kaa upande wa kulia kwa unakokwenda. Utavuka daraja la chuma la Forth, lililofunguliwa mwaka 1890, na baada yake reli inashika ukingo wa maji kupitia Burntisland, Kinghorn na Kirkcaldy. Vipande vingine iko karibu sana na maji kiasi kwamba unaona ndege wa pwani wakidonoa kwenye mwani.

Lenga kufika kabla ya saa nne na nusu asubuhi.

Hatua ya 3: Ingia mjini kwa lango lake

Kutoka stendi watu wengi hufuata umati kuelekea gofu. Wewe nenda upande wa pili, dakika chache tu, hadi West Port, lango la mawe la mwaka 1589 linaloufungua mtaa wa South Street. Magari bado yanapita chini ya tao lake, moja moja.

Ukiwa hapo, uelewe ramani ya mji mara moja ili uweke simu mfukoni. Mitaa mikuu ni mitatu, South Street, Market Street na North Street, na yote inaelekea mashariki kama vidole vinavyokutana kiganjani. Kiganja ni kanisa kuu. Mji ulipangwa hivyo makusudi: mahujaji waliokuja kuzuru mifupa iliyoaminiwa kuwa ya Mtume Andrea, ndugu yake Petro, waliingia upande huu, na barabara zenyewe ziliwapeleka kwenye kaburi. Ndiyo maana nakuambia uanzie magharibi. Ukianzia kanisani unauona mji kinyumenyume.

South Street itembee polepole, na kila unapoona kichochoro chenye tao dogo, chungulia. Nyuma ya maduka kuna viwanja virefu vyembamba vilivyogawanywa tangu Zama za Kati, baadhi vimekuwa bustani na nyua tulivu. Upande wa kulia utaona kipande cha kanisa la watawa wa Dominiko kimesimama peke yake mbele ya jengo la shule ya zamani. Mbele kidogo, upande huohuo, kuna geti la St Mary's College, iliyoanzishwa karne ya 16. Geti likiwa wazi ingia kwa adabu: ndani kuna mti wa miiba ambao husemwa ulipandwa na Malkia Mary wa Uskoti. Upande wa pili wa barabara ni kanisa la Holy Trinity. Humo, Juni 1559, John Knox, kiongozi wa Waprotestanti wa Uskoti, alihubiri, na waliomsikiliza wakatoka kwenda kulivunja kanisa kuu. Dakika tano kwa miguu zitakuonyesha matokeo ya mahubiri hayo.

Kama hujanywa chai, kunywa sasa. Kwenye mtaa huu pia kuna Jannetta's, duka la aiskrimu lililoanza mwaka 1908, lakini hiyo iweke ya jioni.

Hatua ya 4: Magofu ya kanisa kuu

Kuingia kwenye uwanja wa magofu ni bure. Tiketi ni ya makumbusho yake na ya ngome, na kuna ya pamoja, nunua hiyo.

Kabla ya kusogelea ukuta wowote, simama upande wa magharibi, chini ya lango lililobaki, na utazame mbele moja kwa moja. Kile kipande cha ukuta chenye minara miwili unachokiona kule mbali ndiyo ncha ya pili ya jengo lilelile. Urefu wake ulikuwa kama mita 119, kanisa kubwa kuliko yote Uskoti. Ujenzi ulianza karne ya 12 na haukukamilika hadi 1318, lilipowekwa wakfu mbele ya Mfalme Robert the Bruce. Zaidi ya karne moja na nusu ya kujenga! Tembea katikati yake kwa miguu, kutoka ncha hadi ncha, ukihesabu vitako vya nguzo vilivyobaki kwenye nyasi. Baada ya 1559 watu wa mji walikuja kuchukua mawe ya kujengea nyumba zao, kwa hiyo kanisa halikupotea lote. Umelipita njiani bila kujua, limo ndani ya kuta za mitaa.

Mnara mrefu wa mraba pembeni, mita 33, ni wa St Rule, na ni mkongwe kuliko kanisa lenyewe. Ngazi zake hufungwa mara kwa mara kwa ukarabati, kwa hiyo uliza kwanza.

Katika makumbusho usikose jeneza la mawe la Wapikti, watu waliokaa Uskoti zamani. Ni la karne ya 8 hivi, lilichimbuliwa mwaka 1833. Upande mmoja Daudi anampasua simba taya. Mtazame simba huyo vizuri wewe uliyetoka Afrika Mashariki: manyoya ya shingo yapo, mwili upo, na mchongaji karibu hakika hakuwahi kumwona simba maishani mwake. Kafanya kazi nzuri kuliko unavyotarajia.

Makaburini, fuata watu hadi kwa Tom Morris mdogo. Amechongwa ukutani akiwa na kofia na kijiti cha gofu, ameinama tayari kupiga mpira. Alishinda Open, mashindano makubwa ya gofu, mara nne mfululizo, 1868, 1869, 1870 na 1872 (mwaka 1871 hayakufanyika). Septemba 1875 mkewe alifariki akijifungua, na mtoto naye. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo Tom naye akafa, akiwa na miaka 24. Baba yake, Tom Morris mkubwa, bingwa naye, aliishi hadi 1908. Hata kama gofu haikuhusu, simama hapo kidogo.

Hatua ya 5: Gatini, karibu saa sita mchana

Toka kwa upande wa The Pends, tao kubwa lililobomoka paa, na ushuke na barabara hadi bandarini. Bandari ni ndogo, ya vyombo vya kamba na kaa, nyavu na madema yakiwa yamepangwa kando. Mbele yake ni gati refu la mawe.

Ibada ya Jumapili katika kanisa la chuo la St Salvator's ikiisha, wanafunzi hushuka hapa wakiwa wamevaa majoho. Chuo kilianzishwa mwaka 1413 na ndicho kikongwe kuliko vyote Uskoti. Angalia joho linavyovaliwa, kwa sababu ndilo linalokuambia mtu yuko mwaka wa ngapi. Wa kwanza hulifunika mabegani vizuri. Wa pili huliteremsha kidogo. Wa tatu huliacha bega moja wazi, la kushoto kwa wa sanaa na la kulia kwa wa sayansi. Wa nne hulivaa likining'inia viwikoni, kama mtu anayekaribia kulivua kabisa. Huenda hadi ncha ya gati na kurudi juu ya ukuta wake, na upepo ukivuma, majoho yote hupepea upande mmoja.

Unaweza kuwafuata, lakini fanya hivyo ikiwa tu bahari imetulia na hakuna kibao cha kuzuia. Mawimbi hupanda juu ya gati bila hodi, na ukuta wa juu hauna cha kushika. Mimi watoto nisingewapeleka juu ya ukuta kabisa.

Hatua ya 6: Ngome na handaki lake

Kutoka bandarini panda njia ya juu ya jabali, ukiwa na ukuta wa kanisa upande wa kushoto na bahari kulia, hadi kwenye ngome ya maaskofu. Ukiiona kwa nje ni magofu kama mengine. Kilicho chini yake ndicho cha kulipia tiketi.

Machi 1546 Kardinali David Beaton alimchoma moto mhubiri George Wishart mbele ya ngome hii. Mwezi Mei kundi la Waprotestanti likajipenyeza ndani alfajiri, likamuua Kardinali na kuning'iniza maiti yake ukutani. Jeshi la serikali likaizingira ngome. Lilipoona kuta hazivunjiki, likaanza kuchimba chini kwa chini ili kuibomoa. Waliokuwa ndani walisikia milio ya sururu na wakaanza kuchimba handaki lao kuifuata.

Handaki lile bado lipo, na siku ambazo halijafungwa unaweza kuingia. Upande wa walinzi unaingia umeinama, sehemu nyingine unakaribia kutambaa. Njia inapinda kushoto, inapinda kulia, inashuka ghafla, kwa sababu wachimbaji walikuwa wakifuata sauti gizani na kubahatisha. Kuna mashimo waliyoyaanza wakayaacha baada ya kugundua wamepotea. Ukipitisha kiganja ukutani unagusa alama za vyuma kwenye jiwe, na jiwe lenyewe lina majimaji. Kisha sakafu inaisha kwenye shimo, unateremka kwa ngazi ya chuma, na ghafla unaweza kusimama wima: umeingia handaki la washambuliaji, pana, refu kwenda juu, lililochimbwa na watu waliokuwa na nafasi na muda. Hapo ndipo pande mbili zilipokutana. Mwenye magoti mabovu au anayeogopa mahali pa kubana asijilazimishe. Mkoba wa mgongoni mwachie mwenzako nje.

Toka uone na gereza la chupa, shimo la mita kama saba lililochongwa kwenye mwamba, mdomo mwembamba na tumbo pana. Inasimuliwa kwamba maiti ya Beaton ilihifadhiwa humo kwenye chumvi. Ngome ilianguka Julai 1547 baada ya manowari za Ufaransa kuja na mizinga. John Knox alikuwa miongoni mwa waliotekwa. Alipelekwa kupiga makasia kwenye merikebu za Wafaransa. Miaka 12 baadaye ndiyo yale mahubiri ya South Street.

Hatua ya 7: North Street, halafu chakula

Ingia North Street hadi kwenye mnara wa St Salvator's. Chini yake, kwenye mawe ya barabarani, kuna herufi P na H. Hapo alichomwa Patrick Hamilton, Februari 1528, kijana wa miaka 24 aliyefundisha mawazo ya Luther. Moto ulikataa kuwaka vizuri, na mateso yake yalichukua saa sita. Wanafunzi hawakanyagi herufi hizo. Wanaamini anayezikanyaga atafeli. Dawa yake ni kuoga baharini alfajiri ya Mei mosi, na hata wasiokanyaga huenda. Wewe huna mtihani, lakini zunguka kama wenyeji wanavyozunguka.

Katiza kichochoro hadi Market Street ule. Samaki na chipsi hapa ni chakula cha heshima, na samaki wa Waskoti ni hadoki. Kwa Waislamu na wasiokula nyama, uliza kabla ya kuagiza wanakaanga kwa mafuta gani, kwa sababu maduka mengi ya Uskoti hutumia mafuta ya ng'ombe. Ukila nje, kaa umeegemea ukuta. Shakwe wa mji huu hawaombi, wanashuka na kunyakua.

Hatua ya 8: Gofu bila gofu

Baada ya kula fuata The Scores, barabara ya juu ya bahari, uelekee magharibi. Utapita mnara wa mashahidi wenye majina ya waliochomwa hapa, akiwemo Hamilton, Wishart na Walter Myln, mzee aliyekuwa amepita miaka 80 alipouawa mwaka 1558. Mbele yake ardhi inateremka, na uwanja unafunguka.

Ingia. Ndiyo, hivyo tu, bila tiketi wala kuulizwa. Utakuta watu na mbwa wao, bibi na wajukuu, vijana wanaolala chali mahali ambapo kesho kuna mtu atakuwa amelipa fedha nyingi apite. Usikanyage duara za nyasi fupi zenye bendera na usishuke kwenye mashimo ya mchanga. Zaidi ya hapo, tembea. Kidaraja cha Swilcan kiko karibu, cha mawe, chenye upana wa watu wachache tu. Mwaka 2023 waliokitunza walijaribu kukiwekea sakafu ya mawe mlangoni, watu wakapiga kelele, ikang'olewa ndani ya siku chache. Foleni ya picha ikiwa ndefu, endelea mbele na ukirudi jioni utakikuta peke yake.

Makumbusho ya gofu yaliyo jirani ni mazuri kwa mpenzi wa mchezo. Kama wewe si mpenzi, muda huo upe ufuko.

Hatua ya 9: West Sands

Ufuko uko nyuma ya uwanja, karibu kilomita tatu za mchanga. Maji yakiwa yamekupwa, tembea kwenye mchanga mgumu ulioachwa na mawimbi, upepo ukiwa usoni wakati wa kwenda ili usikusumbue ukiwa umechoka. Si lazima ufike mwisho. Vua viatu ukipenda. Maji yatakushtua hata Agosti, tena sana kama umezoea bahari ya Hindi. Ukigeuka nyuma, mji wote uko mbele yako kwa mstari mmoja: mnara wa chuo, ule wa St Rule, na minara miwili ya kanisa.

Hatua ya 10: Kurudi

Kutoka ufukoni hadi stendi ni mwendo mfupi. Kama kuna nusu saa, aiskrimu ya South Street ndiyo zamu yake. Panda basi 99 linalotangulia lile la mwisho, usisubiri la mwisho lenyewe. Kituo cha Leuchars kina upepo na mahali pachache pa kujificha, kwa hiyo usifike mapema mno. Jukwaa ni moja, katikati ya reli mbili, na treni za kaskazini na za kusini husimama pande zake tofauti. Soma ubao kabla ya kupanda, la sivyo utavuka mto Tay na kushukia Dundee.